Kuongeza stabilaiza ya nyuma kwenye gari la kawaida: faida au balaa?

Kona_Saba
Wakuu, naomba tulijadili hili. Gari langu ni la familia, linavutwa na tairi za mbele, na nyuma limetoka kiwandani bila stabilaiza, kile chuma cha kuzuia gari lisilalie kwenye kona. Nikikata kona kwa kasi kidogo linalalia upande, na pua inataka kwenda moja kwa moja wakati usukani nimeshauzungusha. Nimeona inauzwa stabilaiza ya nyuma ya kuongezea, inakuja na bushi (mipira inayoishikilia) na linki (vyuma vifupi vya kuiunganisha) zake. Kuna wanaoniambia nifunge leo, na kuna wanaosema nitakuja kupinduka. Wenye uzoefu, tuambiane.

Chuma22
Funga, mkuu. Utalishangaa gari lako mwenyewe. Mimi nilitoa ya milimita 19 nikaweka ya 22, na watu waliniambia milimita tatu si kitu. Hawajui kwamba ugumu wa chuma kinachosokotwa unapanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Piga hesabu: 19 kwenda 22 ni karibu asilimia 80 zaidi.

Baba_Wawili
Asilimia 80 ya nini? Gari haliwi gumu kiasi hicho, springi zipo na tairi zipo. Nimepanda gari la jamaa yangu lenye hiyo kitu. Mashimo yakiwa upande mmoja wa barabara, abiria mnatikiswa kichwa kushoto kulia mpaka shingo inauma. Hiyo ndiyo raha mnayoisifia?

Chuma22
Nimesema ugumu wa chuma, sijasema gari. Soma kabla hujajibu.

Baba_Wawili
Nimesoma. Na shingo yangu haijajibiwa.

Fizikia_Mtaani
Shingo yako ina haki, ndugu. Stabilaiza inaunganisha tairi ya kushoto na ya kulia. Zote mbili zikipanda tuta kwa pamoja, chuma kinazunguka tu ndani ya bushi zake, hakifanyi kazi yoyote. Moja ikiingia shimoni peke yake, kinasokotwa na kuivuta mwenzake. Kadiri kilivyo kinene ndivyo kila upande unavyokosa uhuru wake, na hilo halikwepeki.

Lakini swali la mleta mada ni kona, na hapo wote mnapita pembeni. Mzigo unaohamia tairi za nje kwenye kona unatokana na uzito wa gari, kimo cha kitovu chake cha uzito, upana kati ya tairi na ukali wa kona yenyewe. Stabilaiza haiufuti mzigo huo. Inachoamua ni ekseli ipi, ya mbele au ya nyuma, ibebe sehemu kubwa. Ukikaza nyuma, tairi ya nje ya nyuma inakandamizwa zaidi na ya ndani inapwaya, wakati mwingine inanyanyuka kabisa kutoka chini. Na tairi ukiiongezea mzigo maradufu haishiki barabara maradufu, kwa hiyo jozi ya nyuma kwa jumla inapoteza mshiko. Jozi ya mbele inapata nafuu, ndiyo maana pua inaanza kutii usukani. Mshiko hukuuongeza, umeuhamisha.

Tatizo mafundi wetu hawalijui hili. Wanapachika chuma, wanachukua hela, basi.

Spana_Kumi
Mafundi wetu wepi? Nitajie. Mimi nimeshika spana kabla wengi humu hamjajua kuandika kwenye simu. Mteja anakuja na stabilaiza yake kaagiza mwenyewe, kaangalia video, anataka ifungwe leo leo. Ukimwambia "ngoja nikague bushi kwanza" anakuona unamtafutia bili. Kesho ikigonga, fundi mjinga.

Fizikia_Mtaani
Sikukusema wewe, mzee wangu. Nimesema kwa ujumla.

Spana_Kumi
Kwa ujumla nimo. Na hiyo ekseli ya mbele kupata nafuu sikuijua kwa vitabu. Naijua kwa tairi ninazozibadilisha, zilizolika bega la nje za mbele kwa sababu pua inasukumwa nje kila kona.

Mzee_Kibega
Mafundi wa siku hizi ni wabadilisha spea tu, hapo Fizikia kasema kweli. Halafu mmesahau ile Mercedes ndogo iliyopinduka Sweden ikikwepa mnyama, mwaka 1995 au 96. Si ilikosa stabilaiza ile?

Fizikia_Mtaani
Oktoba 1997, mzee. Ilikuwa A-Class, na hapakuwa na mnyama: lilikuwa jaribio la kukwepa kwa ghafla la jarida la Teknikens Värld, kwenye koni. Kampuni ikarekebisha mfumo wa springi na kuweka ESP, mfumo wa kompyuta unaozuia gari lisiteleze, kwenye magari yote ya aina ile. Usiigeuze kuwa habari ya stabilaiza peke yake.

Mzee_Kibega
Nimesema ilipinduka, na ilipinduka.

Da_Zuu
Naendesha gari refu la mizigo, mwili mrefu juu, na stabilaiza ya nyuma kwangu imesaidia. Upepo wa ubavuni na lori linalonipita havinitingishi kama zamani. Ila jamani, mbona hakuna anayeongelea mvua? Umeingia kona, barabara imelowa, ukashtuka ukaachia pedali ya mafuta. Uzito unakimbilia mbele, nyuma ambayo ulishaipunguzia mshiko inakuwa nyepesi, na gari linajizungusha. Pua ikiteleza, dereva wa kawaida anaachia mafuta na pua inarudi. Nyuma ikiteleza, kitendo kilekile ndicho kinachommaliza. Wenye viwanda hawakuliacha gari la familia likilalia na kusukuma pua kwa uchoyo wa chuma. Ninyi vijana mnatafuta sifa za kona.

Chuma22
Dada, mimi si kijana, nina watoto watatu na nawapeleka shule na gari hilohilo. Sifa za kona nitazitafuta na viti vya watoto nyuma?

Da_Zuu
Basi ndiyo nakuuliza mvua.

Chuma22
Naendesha kwa adabu. Na kama uzito wa chuma ndio unaowatisha, wapo wanaonunua yenye uwazi ndani. Tundu likiwa nusu ya kipenyo, unapunguza robo ya uzito na ugumu unabaki karibu asilimia 94.

Baba_Wawili
Umeulizwa mvua umejibu tundu.

Spana_Kumi
Niachieni niseme lililoniudhi hasa. Yupo aliyeniletea gari baada ya kufungiwa stabilaiza nene sehemu nyingine. Nikalala chini na tochi. Pale bolti inaposhikia kwenye bodi, rangi ilikuwa imeinuka kama ganda, na ukiikwangua kwa kucha unaona mstari mwembamba wenye kutu unaotoka kwenye tundu la bolti. Bati limechanika. Kiwanda kiliweka bati lile kwa nguvu ndogo, mtu kaja kulivuta kwa chuma kinene bila kuweka bati la kuimarisha nyuma yake. Hilo ndilo mngelijadili, si 1997.

Na mleta mada: shokapu zako zina hali gani? Gari likilalia, nusu ya wateja wangu wana shokapu zilizovuja au bushi zilizokufa. Funga stabilaiza juu ya hizo, utaficha ugonjwa.

Kona_Saba
Mzee Spana, shokapu za nyuma zina mafuta kidogo kwa nje. Fundi wangu kasema ni kawaida.

Mzee_Kibega
Mnaona sasa? Nilisema mimi.

Spana_Kumi
Ukungu mwembamba wa mafuta sawa. Ikiwa imelowa mpaka vumbi limeganda kama tope, hiyo imekwisha. Na fundi wako simtukani, sijaona gari.

Fizikia_Mtaani
Nakubaliana, shokapu kwanza. Ukifika kwenye stabilaiza, chukua yenye matundu mawili au matatu kwenye mikono, linki uanze kuifunga tundu la mwisho kabisa. Mkono mrefu ni laini zaidi. Kisha jaribu kwenye uwanja mtupu uliolowa, ukiachia mafuta makusudi, kabla hujaipeleka barabarani. Swali la Da Zuu ni zito, na bado hajajibiwa.

Da_Zuu
Asante. Na magari yanayosukumwa na tairi za nyuma?

Fizikia_Mtaani
Huko tahadhari mara mbili. Tairi ya ndani ikipwaya, na difu (gia zinazogawa nguvu kwa tairi mbili) ni ya kawaida, nguvu yote inakimbilia kwenye hiyo inayopwaya na inazunguka bure.

Kona_Saba
Nabadilisha shokapu kwanza. Swali la mwisho: bolti za bushi zinakazwa gari likiwa juu ya jeki?

Spana_Kumi
Hapana. Juu unazishikiza tu. Lishushe, lisimame kwa tairi zake zote nne, ndipo unakaza. Na umwambie Mzee Kibega kakufundisha mbadilisha spea.

Mzee_Kibega
Nimesikia. Ila siku hizi wengi hawafanyi hivyo.