Tupeane uzoefu: Dim sum ya asubuhi Guangzhou, unaagiza nini na unakulaje?

Kontena40ft: Wakuu, tukifuata mzigo Guangzhou wengi tunaishia Xiaobei, mtaa wa Waafrika, na wali kuku, wakati huu ndio mji wa chai ya asubuhi ya Wakantoni, inayoendana na dim sum, yaani vitafunwa vidogo vinavyoletwa kwenye vikapu vya mvuke. Mgahawa wa Taotaoju tu upo tangu 1880. Tupeane uzoefu, ila maelezo yawe ya kumsaidia mtu. Naanza: nenda siku ya kazi kabla ya saa tatu asubuhi. Wikiendi watu wanakuja ukoo mzima, unapewa namba unasubiri mlangoni. Mkiwa wawili anzeni na vikapu vinne (kimoja huwa na vipande vitatu au vinne), mengine mtaongeza. Ukijaza meza kwa mkupuo, nusu vinapoa.

binti_pwani: Ukikaa tu unaulizwa chai gani. Pu'er ni nyeusi na nzito, inaendana na vyakula vya mafuta. Ya maua ya krisanthemu ni nyepesi. Inalipiwa kwa kichwa, usije ukagombana na mhudumu kwenye bili. Chai ya kwanza wenyeji wanaoshea vikombe na vijiti ndani ya bakuli, kisha inamwagwa. Birika likiisha, acha kifuniko nusu wazi, watakuja kujaza maji. Ukimiminiwa, gonga meza kidogo kwa vidole viwili; ndiyo asante yao.

Ostadh_Cargo: Waislamu wenzangu, kukwepa char siu bao (kiandazi cha nyama ya nguruwe) hakutoshi. Siu mai, kidonge kilichofungwa kwa ganda jembamba, unaona kamba wa baharini juu, ndani nguruwe. Har gow, ya ganda jeupe linaloonyesha ndani, inaonekana kamba mtupu, lakini wapishi wengi wanatia mafuta ya nguruwe ili iwe laini. Keki ya figili ina soseji ya nguruwe, na wali wa kunata ndani ya jani la yungiyungi, unaoitwa wa kuku, mara nyingi unayo pia. Kwenye menyu ukiona 肉 (nyama) peke yake bila mnyama kutajwa, kwa kawaida ni nguruwe huyo huyo. Kusema "bu yao zhurou" (sitaki nguruwe) kunamfaa asiyependa kitimoto, si anayetaka halali. Wa halali atafute bango la 清真 (halali), ingawa migahawa hiyo mingi ni ya tambi na nyama ya ng'ombe, dim sum hawana.

Jikoni_kwa_Shangazi: Har gow iliwe ya kwanza. Ganda lake ni wanga wa ngano na wa muhogo uliosongwa kwa maji yanayochemka, halina ule mvutano wa unga wa chapati. Likitoka kwenye mvuke linang'aa hadi unaona wekundu wa kamba. Likipoa linakakamaa na kung'ang'ania kikapu, ukilivuta linachanika, kamba anabaki chini. Likija tayari limelegea na kunata menoni, limezidishiwa mvuke au limekaa sana. Rudisha, haki yako.

Miguu ya kuku inastahimili kusubiri. Hukaangwa, ikalowekwa maji ya barafu ngozi ivimbe, kisha ikapikwa na maharage meusi yaliyochachushwa. Hapo hutafuni mfupa: unanyonya ngozi, vifupa unatema kwenye kisahani, hakuna atakayekushangaa. Tahadhari na liu sha bao, kile kiandazi cheupe chenye kiini cha yai la chumvi. Ukiking'ata cha moto kiini kinachuruzika na kuunguza ulimi. Toboa, subiri dakika moja.

Mama_Vitenge: Mmesahau malipo. Unatia tiki kwenye karatasi au unaskani msimbo ulio mezani. Alipay na WeChat, programu za simu za kulipia, zinapokea Visa na Mastercard, ila unganisha kadi ukiwa bado nyumbani, maana ujumbe wa kuthibitisha wa benki unaweza kuja kwenye laini yako ya huku. Halafu yale maandishi ya kwenye menyu ya kidogo, cha kati, kikubwa na maalumu ni madaraja ya bei, si ukubwa wa kikapu. Watu wanatia tiki kwenye "kikubwa" wakidhani watashiba, wanaletewa vipande vile vile vitatu.