Kanipa simu NIMPIGE picha Karura. Mimi!

Wakuu, leo sina salamu. Nimetoka msitu wa Karura sasa hivi, matope bado yako kwenye raba, naandika kabla hasira haijapoa.

Mnamfahamu. Simtaji, akitajwa anapata sifa. Yule yule wa kofia pana na fimbo mbili, kiongozi wa msafara asiyepigiwa kura na mtu. Ndiye aliyeleta kwenye grupu wazo la kuumaliza msitu wote kwa miguu, kila Jumamosi kipande chake. Msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya Nairobi, umekatwa na Limuru Road huku na Kiambu Road kule. Nikasema poa. Mimi mtu wa Dodoma, kutembea nimezaliwa nako.

Na nimetembea! Kipande cha Sigiria nimekimaliza. Mianzi nimepita, ziwa la mayungiyungi nimelizunguka, vile vibao vya namba kwenye njia panda sasa naviota usiku. Yeye mwenye "ramani kichwani" ndiye aliyetuzungusha tukarudi kwenye kibao kile kile, watoto wa baiskeli za kukodi wanatupita wanacheka, akasema alikuwa anatupima umakini.

Leo ilikuwa ya kufunga. Mapangoni, pale walipojificha Mau Mau, akatoa hotuba utadhani alikuwa nao. Tukashuka maporomoko. Manyunyu yanaturukia, watu wanajipanga kwenye mawe, na mimi najipanga, fulana nimeshachomekea. Akanigeukia, akanikabidhi simu. "Bosi wangu, tushikie. Hii ni ya waliomaliza."

YA WALIOMALIZA.

Eti kwa sababu siku ya ng'ambo ya Kiambu Road niliwakuta njiani badala ya getini. Hatua mia mbili ndizo zimenifuta msituni! Simu yenyewe kioo kimepasuka, kimenikwaruza kidole gumba. Na wale niliowajazia maji kwa hela yangu wamesimama wananitabasamia. Nikapiga. Dada mmoja akasema rudia, nimefumba macho. NIKARUDIA.

Mwaka 1999 Wangari Maathai alipasuliwa kichwa hapo hapo Karura akienda kupanda mti, ili wakubwa wasijigawie viwanja. Leo mtu mwenye fimbo mbili anaugawa upya: waliomaliza huku, wasiomaliza washike simu.

Tushikie. Mimi.

Mchuzi wa Jana: Pole mkuu. Picha ilitoka vizuri lakini?

Mleta uzi: Hicho ndicho ulichokiona?

Fundi Redio: Ungekata vichwa vyote ukapiga miguu tu, saa hizi ungekuwa umelala.

Mleta uzi: Hilo limenijia nikiwa ndani ya matatu 😭

Shangazi wa Tabata: Huyo namjua! Alituambia tubebe chakula chepesi, halafu akala viazi karai vyangu vyote. Sisi wanawake anatuita "timu ya nyuma".

Kiherehere: Samahani mkuu, umesema uliwajazia maji. Chupa za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku humo tangu 2020. Uliingiaje nazo?

Mleta uzi: CHUPA ZAO WENYEWE. Za bati. Mgahawani. Hii ni kesi?

Mtoto wa Ruaka: Mnalia picha. Mimi nimeporwa ndizi mkononi mbele ya mchumba. Mbega kapanda juu ya tawi, kaimenya taratibu, ganda kanidondoshea begani.

Kiherehere: Huyo si mbega. Mbega ni mweusi na mweupe, anajilia majani yake huko juu. Uliporwa na kima.

Mtoto wa Ruaka: Ndizi imerudi?

Bibi Ilala: Bahati yenu mna msitu wa kugombania. Sisi Dar ukitaka kivuli unaenda Mnazi Mmoja, ukipiga chafya umeshamaliza bustani.

Mchuzi wa Jana: Hamjagusa mbwa. Sheria inasema kamba, ila mwenye mbwa anakwambia "haumi huyo" miguu ya mbwa ikiwa kifuani kwako.

Mleta uzi: Jamani mada! Ameshaiweka picha kwenye grupu. Kaandika "Tulikuwepo wote".

Fundi Redio: Si kweli? Ulikuwepo, ila nyuma ya simu 😂😂

Shangazi wa Tabata: @Mchuzi huyo mbwa ni wa kahawia, mkanda mwekundu?

Mchuzi wa Jana: Huyo huyo!!

Shangazi wa Tabata: Basi ndiye aliyekula chapati zangu mbili na karatasi yake. Mwenyewe anacheka tu, eti ana njaa.

Mleta uzi: Fungueni uzi wenu.

Shangazi wa Tabata: Nimeshafungua. Wote wenye kesi na mbwa au kima njooni kule.

Mtoto wa Ruaka: Nakuja.

Bibi Ilala: Na wa Mnazi Mmoja tunaruhusiwa?