Megahezi 3.5 inapigwaje na megahezi 1? Nisaidieni wakuu, jogoo wangu yuko hatarini

Zabibu_Kavu (mleta mada)
Habari za jioni wakuu. Niko Nkuhungu, Dodoma. Kuna mwalimu Mwingereza aliyefundisha Mpwapwa zamani, alipoondoka alimwachia mzee wangu sanduku. Ndani kuna kompyuta mbili za nyumbani za miaka ya 80: Sinclair ZX Spectrum ya 48K na Commodore 64. Nimepuliza vumbi (vumbi letu mnalijua), nikatafuta chaneli 36 kwenye TV ya chogo, zote mbili zikawaka.

Mpwa wangu akauliza ipi ina kasi. Spectrum ina prosesa ya Z80 ya megahezi 3.5 (mapigo milioni 3.5 kwa sekunde), Commodore ya Ulaya haifiki hata megahezi 1. Nikaona hela ya bure hiyo, nikaweka dau jogoo wa kienyeji. Tukaandika programu hii ya kuhesabu hadi 10000 kwenye zote:

10 FOR K=1 TO 10000
20 NEXT K

Commodore kama sekunde 12. Spectrum karibu 45! Je, imechoka? Au ni huu umeme wetu wa kupanda na kushuka?

FundiMajengo
Umeme hauhusiki mkuu. Mapigo ya prosesa yanatoka kwenye kristali. Volti zikishuka mashine inaganda au inazima, haitembei polepole.

Ila hiyo adapta ya Commodore usiichomeke tena kabla hujaipima kwa mita. Zile za zamani zikizeeka, laini ya volti 5 inapanda na kuunguza chipu za kumbukumbu. Spea utatoa wapi, Sabasaba?

Njaa_ya_Kongwa
Mimi nasubiri supu tu 😀

Bi_Rejista
Mleta mada, hapo hujapima prosesa, umepima BASIC, ile lugha ya programu iliyomo ndani ya kila mashine. Kitanzi chako ni kilekile cha kwanza kwenye vipimo vya kasi ya BASIC vya Rugg na Feldman vya mwaka 1977, wao waliishia 1000.

BASIC ya Spectrum kila ikifika NEXT inaanza kutafuta mstari wa FOR tangu mwanzo wa programu. Commodore imeshaweka alama pale ilipotoka, inarudi moja kwa moja. Kama huamini, weka mistari 50 ya REM (maelezo tu, haifanyi kazi yoyote) juu ya kitanzi. Spectrum itazidi kuchechemea, mwenzake hata hatashtuka.

Sasa shuka kwenye lugha ya mashine, yaani amri za prosesa yenyewe. Z80 inahesabu kurudi nyuma kwa amri moja, DJNZ, mapigo 13. Kwa megahezi 3.5 ni kama mikrosekunde 3.7. Ile prosesa ya Commodore, 6510, inatumia amri mbili, DEX na BNE, mapigo 5 tu, lakini kwa saa yake ni mikrosekunde 5.1. Umeona? Megahezi bila kujua amri moja inakula mapigo mangapi ni kama kujua bei ya gunia bila kujua lina kilo ngapi.

Kwenye Spectrum weka programu juu ya anwani 32768, chini ya hapo chipu ya skrini inaisimamisha prosesa. Commodore nayo izimie skrini kwa POKE 53265,11, na katiza (interrupt, ishara zinazoikatisha prosesa kazi yake kila mara) zizime kote. Saa za ndani zinazosomwa na BASIC zitasimama, kwa hiyo tumia ya simu.

Mzee_wa_Makole
Vijana mnafaidi. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Leo mnazishindanisha kwa kuku!

Zabibu_Kavu
Shikamoo mzee. FundiMajengo, adapta nimepima, volti 5.1, nimepumua.

Bi Rejista, zile REM ni kweli kabisa, Spectrum ilinitia aibu upya. Lugha ya mashine imenila siku tatu, mara mbili mashine imejiwasha upya nikaanza kuandika namba moja moja. Nimezungusha 256 kwa 256, mara 100. Spectrum sekunde 24. Commodore 33.

Nikamwita mpwa aone. Kaangalia simu, kaangalia skrini, akasema: "Anko, dau lilikuwa la BASIC." Jogoo yuko kwenye tenga, anapanda basi la Kondoa kesho asubuhi.

Njaa_ya_Kongwa
Basi la saa ngapi?