Naomba ushauri: haloperidoli siku ya 14, tungoje au tubadilishe?

Wakubwa wa afya ya akili, shikamooni. Niko Bukavu. Kijana wa miaka 24 mwenye skizofrenia anapata haloperidoli miligramu 5 kwa siku. Alama zake za BPRS (kipimo cha ukali wa dalili za ugonjwa wa akili) zimetoka 58 hadi 54. Ukiondoa kwanza zile 18 za chini kabisa, ambazo hata asiye na dalili hupata (wengi husahau), nafuu ni asilimia 10 tu. Nafuu ikiwa chini ya asilimia 20 kwa wiki mbili, matumaini ya dawa hiyohiyo huwa madogo, ingawa wapo wanaochelewa.

Vidonge anameza kweli: mama anamkagua hadi chini ya ulimi. Kuongeza dozi naogopa. Viwiko vimeanza kukaza, ukikunja mkono unakwenda kwa vishindo kama gurudumu la meno, na vipokezi vya dopamini (sehemu za ubongo ambazo dawa hii huziba) vikishajaa, kinachoongezeka ni madhara.

Nawaza kumbadilishia dawa nyingine, olanzapini miligramu 10, ila anavuta sigara, na moshi hulifanya ini liiondoe haraka. Mngeanza na ngapi? Na ikishindwa nayo kwa wiki sita, kilozapini (dawa ya wale ambao dawa mbili zimeshindwa) hudai kupima chembe nyeupe za damu kila wiki kwa wiki 18 za kwanza. Walio Goma au Lubumbashi, hilo mnalimudu vipi?