Duniani wawili wawili: tupeane uzoefu wa kukutana na mtu mliyefanana kama shilingi kwa ya pili

Wakuu, salaam. Naanza na changu, nanyi mshushe vya kwenu.

Daladala ya Mbagala–Kariakoo, asubuhi, tumebanana hata pa kupitisha mkono hakuna. Mimi niko siti ya nyuma kabisa, konda kanifikia nikampa nauli. Akajipenyeza kwenda mbele akidai mmoja mmoja huku akichezesha sarafu kiganjani, alipomfikia jamaa aliyesimama karibu na dereva akamruka. Jamaa akashangaa: "Konda, mimi hunidai?" Konda akaja juu: "Si umenipa pale nyuma sasa hivi? Halafu humu umepitaje wewe?"

Gari zima likageuka. Kipara kilekile, mwanya uleule, mpaka kovu juu ya jicho la kushoto. Langu la mpira, lake alianguka mwembeni. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akaamua kesi: "Pacha hao, waache walipe nauli moja." Konda hakukubali. Alipokea noti ya jamaa, akaigeuza kwenye mwanga, nadhani aliogopa na yenyewe isije ikawa kopi.

Tuliposhuka nikamuuliza kwao wapi. Mimi Mzaramo wa Kisarawe, yeye Mnyamwezi wa Urambo. Mtani! Palepale akaanza kunidai fidia kwa kutembea mjini na sura yake bila kibali. Chai na chapati nikalipa mimi.

*Mdau wa Temeke:* Muulize mzee wako vizuri, hakuwahi kupanda treni ya Tabora?

*Mwenye uzi:* Hahaha, mzee wangu mkulima wa mihogo, safari yake ndefu ni Chalinze!

*Dada wa Buguruni:* Mimi nilidaiwa hela ya upatu nisioujua. Nipo Kariakoo nachagua vitenge, mwanamke kanishika mkono: "Leo nimekupata, mwezi wa pili hupokei simu!" Nikaapa kwa Mungu, wapi. Akapiga namba ya mdaiwa wake mbele yangu, simu yangu kimya, huko upande wa pili mtu akapokea na kuanza kuomba msamaha. Ndipo akaniachia. Baadaye nikaonyeshwa picha, jamani, hata mimi ningejidai.

*Mdau wa Sinza:* Msiwasingizie wazee wa watu. Mwaka 2022 jarida la Cell Reports lilitoa utafiti wa wanasayansi wa Barcelona. Walichukua jozi 32 za watu wasio ndugu, ambao mpiga picha wa Kanada, François Brunelle, alikuwa amewapiga picha kwa kufanana kwao. Programu tatu za kutambua sura zilipozipima, jozi 16 zikaonekana zimefanana kwenye zote tatu, na wengi wa hao wakakutwa wana vinasaba vinavyofanana kweli. Binadamu tumekuwa wengi, michanganyiko lazima ijirudie.

Na kuna ile ya 2015, ndege ya London kwenda Ireland: abiria kafika kwenye siti yake kakuta imekaliwa na mtu mwenye sura yake na ndevu zake nyekundu. Kufika Galway, kumbe hoteli moja. Usiku wakakutana tena baa.

*Mdau wa Temeke:* Hao nao wakaulize nyumbani.

*Mdau wa Kigamboni:* Kwenye pantoni. Katoto ka miaka mitatu hivi kakanishika suruali, "Baba, nibebe." Nikakabeba, ningefanyaje? Mama yake akaja, bila hata kunitazama akanitwika na mfuko wa viazi. Tumefika katikati ya maji ndio mwenye mali anatokea na mahindi mawili ya kuchoma. Tukakodoleana macho. Mkewe akanipima mimi, akampima yeye, akasema: "Huyu angalau hana kitambi."