Twiga wa ndala: tunasafisha pwani au tunajidanganya?

Mleta Mada: Wadau, Flipflopi, lile jahazi la Lamu la tani 10 hivi za plastiki na ndala 30,000, limesifiwa dunia nzima. Nairobi nako Ocean Sole wanachonga twiga na tembo wa ndala za kuokotwa fukweni. Je, taka zinapungua, au wenye viwanda wamepata pa kujifichia? Mie nasema wamejificha. Tena tusidanganyane, twiga wa rangi kumi si sanaa, ni kitu cha kumuuzia mzungu.

Mchonga Mpingo: Hapo kwa mzungu umenikera. Vinyago vya soko la Mwenge, Dar, hununuliwa na nani, shangazi yako? Mpingo huo huo mnaouita utamaduni umetusomesha kwa hela za watalii.

Mleta Mada: Shangazi yangu anaingiaje hapa?

Mchonga Mpingo: Umeleta wateja, nami nauliza wateja.

Kijiweni: 😂 Shangazi ana kabati la vyombo tu. Ila jahazi la plastiki ni maonyesho. Lilifika Zanzibar 2018, wakapiga picha, basi.

Binti Shela: 2018 lilishushwa majini, Zanzibar ni 2019. Na usiite maonyesho kazi ya fundi Ali Skanda. Mkuku ule wa chini, mataruma yaani mbavu zake, vyote plastiki iliyoyeyushwa, ikachongwa kama mbao. Nyie wa bara plastiki mnaiona pichani. Huku Lamu zinaletwa na maji, nyingine zina maandishi hatuwezi hata kuyasoma.

Kijiweni: Wa bara? Mimi mzaliwa wa Tanga, dada.

Binti Shela: Basi ndiyo aibu zaidi.

Mleta Mada: Jamani, viwanda! Okoteni ndala mwaka mzima, kiwanda kitatoa nyingine kabla hamjainua mgongo. Aliyezitengeneza halipi hata senti ya kuziokota.

Mchonga Mpingo: Kijana anayelipwa kuchonga afanye nini akisubiri kiwanda kilipe? Wewe umeajiri wangapi?

Mleta Mada: Hoja si mimi.

Mchonga Mpingo: Kumbe shangazi ndiye hoja.

Mpita Njia: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017, Tanzania 2019. Dawa ni hiyo hiyo, ndala nazo zipigwe marufuku.

Kijiweni: Wee! Msikitini twende na nini?

Binti Shela: Pekupeku, kama unavyorudi Ijumaa wakishakuibia.