Naomba ushauri: alama za sheria ni za chini, lakini nina kazi nyingi nje ya darasa

Mawakili na wakubwa zangu, salaam. Niko mwaka wa 4 wa shahada ya sheria hapa Nairobi, na matokeo yangu yanaelekea daraja la pili, ngazi ya chini. Hata hivyo, nimeongoza timu ya chuo katika mashindano ya mahakama ya mfano, na nimehudumu kwa muda mrefu katika kliniki ya msaada wa kisheria inayowatembelea mahabusu wa gereza la Industrial Area, ambako nimejifunza kumsikiliza mtu aliyekosa pesa za dhamana, kuandaa rasimu ya ombi la kupunguziwa masharti chini ya Kifungu cha 49 cha Katiba, kisha kumsomea kila aya kwa Kiswahili kabla hajatia kidole gumba kwenye wino. Kazi hiyo naipenda kwa dhati.

Kinachonitia wasiwasi ni uanagenzi wa miezi 6 chini ya wakili. Kampuni moja kubwa ya mawakili ya Upper Hill iliitisha nakala ya alama kabla ya jambo lingine lolote, na sikuitwa tena. Je, nielekeze maombi kwa ofisi ndogo zinazoshughulikia kesi za jinai katika mahakama za Milimani na Makadara, ama kwa mashirika ya msaada wa kisheria kama Kituo cha Sheria? Barua ya wakili aliyetusimamia kwenye kliniki ina uzito kuliko ya mhadhiri? Waliopitia Shule ya Sheria pale Karen wakiwa na alama kama zangu, tafadhali nielezeni mlianzia wapi.